Springi ni tamu, lakini Kericho huuliza kwanza kuhusu breki

Ukitaka kujua kwamba majanichai si godoro, yaangukie.

Kwa mbali mashamba ya Kericho na Bomet yanaonekana kama zulia, na ndiyo maana kila mtu akifika huko lazima apige picha. Ukiyakaribia ni hadithi nyingine. Chini ya ile kijani laini kuna shina gumu ambalo limekatwakatwa miaka nenda miaka rudi, na vijiti vyake vimekauka na kuchongoka. Mimi nililijua hilo Jumamosi moja kwenye mteremko wa changarawe upande wa Litein, pale leva ya breki ya mbele ilipokuja hadi kwenye usukani bila kushika kitu. Ya nyuma ilishika kidogo tu. Kushoto kulikuwa na mtaro, kulia kuna chai. Nikachagua chai.

Nilitoka na kidole kilichoteguka, helmeti yenye ufa na mikwaruzo ambayo mama yangu hadi leo anadhani ni ya paka. Wachumaji waliokuwa karibu waliacha vikapu wakaja mbio. Walipoona nimeinuka na kuwajibu chamgei yao, hofu ikaisha, kicheko kikaanza. Sikuwalaumu.

Baiskeli niliyokuwa nayo ni ile ya milimani yenye springi mbele na nyuma, mtumba uliotoka Ulaya. Wasee wengi siku hizi wanazitafuta, na ninaelewa. Foku ya mbele inameza mashimo, na shoki iliyo katikati ya fremu inaliacha gurudumu la nyuma lipande na kushuka lenyewe bila kukurusha kitini. Barabara iliyokuvunja mgongo ukiwa na Black Mamba ya guka, sasa unaipita ukipiga mluzi.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Springi hupunguza kutetemeka, haipunguzi kasi. Mwili wa binadamu hupima kasi kwa jinsi unavyotikiswa, na ukiondoa mtikiso, kilomita 45 kwa saa unaihisi kama 25. Baiskeli ya kawaida ingekuonya mapema. Hii inakunyamazia hadi kona ifike. Kwa hivyo ukinunua baiskeli ya aina hii, kitu cha kwanza kukikagua si ile shoki unayoipigia picha. Ni breki.

Wacha nieleze kilichonipata, kwa sababu kinaweza kukupata wewe wiki ijayo.

Breki za mafuta za baiskeli ziko za aina mbili. Kuna zinazotumia mafuta ya DOT, jamii ileile ya magari na pikipiki, na kuna zinazotumia mafuta ya madini. Breki za Shimano, ambazo ndizo utakazokutana nazo sana kwenye mitumba, ni za mafuta ya madini. SRAM kwa miaka mingi wametumia DOT, ingawa baadhi ya modeli zao mpya zimehamia kwenye madini. Haya mafuta mawili hayachanganywi kamwe. Mipira iliyo ndani ya breki imetengenezwa kwa aina moja tu. Ukitia ile nyingine mipira inavimba, inalegea, na breki inaanza kuvuja taratibu bila wewe kujua.

Wiki moja kabla ya kuanguka nilikuwa nimepita gereji ya nduthi kwa sababu leva ilikuwa laini. Fundi, kijana mwenye roho safi, alifungua kifuniko akaongeza DOT 4 kutoka kwenye chupa anayotumia kila siku. Leva ikawa ngumu, tukapeana tano, nikaondoka. Breki zangu zilikuwa za madini. Kosa lilikuwa langu mimi mwenye baiskeli, kwa kuwa kwenye kifuniko cha leva iliandikwa wazi ni mafuta gani yanayotakiwa. Sikusoma. Wewe soma. Maandishi yakiwa yamefutika, tafuta jina na namba ya modeli kwenye kaliper au kwenye leva, kisha angalia mtandaoni kabla ya mtu yeyote kugusa kifuniko hicho.

Kuna mtego mwingine wa mitumba ambao haujulikani sana. Kwetu Kenya, kama Uingereza, leva ya kulia ndiyo ya gurudumu la mbele, sawa na pikipiki. Baiskeli nyingi kutoka bara Ulaya na Marekani zimefungwa kinyume: kushoto ndiyo mbele. Ukishazoea nduthi halafu upande baiskeli kama hiyo, siku ya kushtuka utafinya kile kidole ulichokizoesha, na utatupwa mbele ya usukani kabla hujamaliza kusema “noma”. Jaribu kwenye uwanja kwanza, polepole, leva moja moja. Isipokukaa mkononi, mwambie fundi wa baiskeli azibadilishe upande. Si kazi kubwa.

Kwenye mteremko mrefu usishike breki mfululizo kama mtu anayebana mlango. Diski inachemka, pedi zinapoteza nguvu, na mafuta yaliyozeeka au yenye maji ndani yanaweza kuchemka pia, hapo leva inakuwa kama sifongo. Finya kwa nguvu kiasi, punguza mwendo, achilia ipumue, finya tena. Kalio nyuma ya kiti, visigino chini, pedali zote usawa. Na ufanye hayo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Udongo mwekundu wa huku ukilowa ni kama sabuni, na gurudumu la mbele likiteleza kwenye kona hakuna springi itakayokusaidia.

Huku kulowa ni jambo la kila siku. Kericho asubuhi jua, mchana mawingu, alasiri mvua, na mara nyingi mvua ya mawe. Wenyeji wanaoendesha kwa kujifurahisha hutoka alfajiri na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wewe mgeni kutoka Nairobi unayeamka saa nne na kuanza kutafuta chapati, ujue umeshachelewa.

Tope ndilo adui wa pili wa springi. Angalia miguu ya foku: kuna sehemu inayong'aa, ile inayoingia na kutoka. Vumbi na tope vikikauka pale, kila ukiruka unakuwa kama unaipiga msasa. Mipira inakatika, mafuta ya ndani yanatoka, maji yanaingia. Baada ya kila safari futa sehemu hiyo kwa kitambaa laini, na pia ile fimbo ya shoki ya nyuma. Ni dakika moja. Ukiona mchirizi wa mafuta juu yake, au ukihisi mkwaruzo kwa ukucha, ipeleke kwa fundi kabla haijaharibika zaidi.

RockShox, mojawapo ya kampuni kubwa za foku, husema sehemu ya chini ya foku ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Saa 50 ni ngapi? Ukiendesha saa tatu Jumamosi na saa tatu Jumapili, ni kama wikendi nane. Kwa tope la Bomet mimi ningeenda hata mapema. Mtumba ulioununua juzi, chukulia tu kwamba haujawahi kufunguliwa tangu utoke kiwandani.

Halafu kuna kuosha. Najua ni raha kuipeleka pale wanapoosha magari, jamaa akaipiga kwa mashine ya presha hadi ing'ae. Usifanye hivyo. Maji ya presha yanapita mpira wowote ule na kuingia kwenye beringi za magurudumu, za pedali na za viungo vya fremu, na baiskeli ya springi mbili ina viungo vingi. Beringi inashika kutu kimyakimya. Ndoo, brashi laini, sabuni ya vyombo, maji ya kumwaga, basi. Ikaushe, kisha tia mafuta kwenye cheni peke yake na upanguse yanayobaki. Usipulizie mafuta ya kopo karibu na diski. Tone moja tu kwenye pedi na breki zinaanza kupiga kelele na kuteleza, na pedi zikishanywa mafuta mara nyingi dawa yake ni kununua nyingine.

Beringi za viungo zikiisha utajua. Shika kiti, inua baiskeli kidogo, ishushe, uinue tena. Ukisikia ko-ko-ko au kuhisi mchezo, kuna kitu kimelegea. Wengi hukata tamaa hapo kwa kudhani lazima vipuri viagizwe ng'ambo. Kumbe nyingi ni beringi za saizi za kawaida, na namba imeandikwa kwenye kifuniko chake, kitu kama 6902 au 6802. Iandike, nenda duka la beringi mjini, mara nyingi utaipata. Lakini ukiona ufa kwenye fremu, hasa pale shoki inapofungwa, usiichomelee na kuendelea. Hiyo fremu imemaliza safari.

Shoki za hewa nazo zina mambo yao. Zinajazwa kwa pampu maalum ndogo, si kompresa ya petroli stesheni wala ya gereji. Nafasi ya hewa ndani ni ndogo sana na presha yake ni kubwa, mara nyingi zaidi ya psi 100, kwa hivyo kompresa ya tairi haiwezi kukupa kipimo sahihi. Kujua kama umejaza vizuri, vaa begi lako na viatu vyako, egemea ukuta, kaa kwenye baiskeli bila kuruka. Ile pete ndogo ya mpira iliyo kwenye fimbo ya shoki isukume hadi kwenye mpira, shuka taratibu, upime imesogea kiasi gani. Kwa nyuma iwe karibu asilimia 25 hadi 30 ya urefu wote wa fimbo: fimbo ya milimita 50, basi isogee kama 13 hadi 15. Mbele, asilimia 20 hivi inatosha kwa wengi. Ikisogea zaidi, unazama na kugonga mwisho. Ikisogea kidogo sana, umebeba springi kama mapambo.

Kwa wale wanaotoka Mombasa kuja kuendesha huku: uliyojaza baharini si uliyonayo Kericho. Mji uko juu zaidi ya mita 2,000, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hivyo tairi linakuwa gumu kuliko ulivyoliacha nyumbani, hata baada ya kuhesabu baridi. Kwa tairi la psi 25 tofauti hiyo unaihisi kwenye matope. Pima upya ukifika.

Sasa barabara zenyewe. Njia nyingi zinazopita katikati ya mashamba makubwa ni za kampuni, si za umma. Omba ruhusa getini. Askari akikukatalia, geuza, mashamba ya wakulima wadogo yana njia zake na watu wake ni wakarimu. Matrekta na malori ya kubeba majani hayatarajii baiskeli inayoshuka kimya, na dereva akiwa juu ya kona hakuoni. Kuna pia mitaro ya kugeuzia maji iliyokatwa kukingama barabara. Ukiikuta kwa kasi, springi itakurusha badala ya kukumeza.

Barabara kuu ya Kericho kwenda Nakuru mimi siipandi na baiskeli, na sitamshauri yeyote. Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika Londiani Junction liliua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara wakifanya biashara zao.

Na kama bado unadhani kuanguka ni kwa wasiojua, mkumbuke Suleiman Kangangi. Alikuwa nahodha wa Team Amani, mmoja wa waendeshaji bora kabisa ambao Kenya imewahi kutoa. Agosti 2022 alianguka akiwa kwa kasi katika mbio za changarawe Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33.

Nilipopona nilirudi kwa yule fundi wa nduthi, si kwa ugomvi. Nilimbebea chupa ya mafuta ya madini niliyonunua Nairobi, nikamwonyesha kifuniko changu na yale maandishi. Alishika kichwa. Hakuna aliyewahi kumwambia, na baiskeli za aina hiyo zimeanza kumjia kila mwezi. Sasa ile chupa anaiweka rafu ya juu, mbali na DOT, na ameiandikia kwa kalamu nyekundu: BAISKELI, SOMA KWANZA.

Kisha akanyoosha mkono kwenye shoki ya nyuma, spana tayari, akauliza kama anaweza kuifungua aone ndani kukoje. Nikamvuta mkono haraka. Hewa ilikuwa bado imo.