Shanta la Safari ya Mlimani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977. Siku hizi anayeingia msituni au kupanda mlima akiwa na shanta mgongoni si mwindaji, bali ni mpagazi, mwelekezi wa watalii, askari wa wanyamapori au mkazi aliyeamua kuufikia mlima ambao amekuwa akiutazama kwa mbali tangu utotoni.

Kwa wakazi wa maeneo yanayouzunguka Mlima Kenya, shanta ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima. Safari nyingi hufanyika miezi ya kiangazi, yaani Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Mpagazi akiumia mgongo wakati huo, msimu humpita akiwa nyumbani na karo inamsubiri. Maumivu mengi ya aina hiyo yanaweza kuepukwa kwa kuchagua shanta linalomfaa mbebaji na kulivaa ipasavyo.

Uzani ukae nyongani

Mabega hayakuumbwa kubeba mzigo mzito kutwa nzima. Shanta zuri huwa na mkanda mpana wa kiunoni, wenye sponji ngumu, unaohamishia sehemu kubwa ya uzani kwenye mifupa ya nyonga na miguu. Mikanda ya mabegani kazi yake ni kulizuia shanta lisiyumbe. Begi la shule, hata likiwa kubwa, halina mkanda wa aina hiyo, kwa hivyo halifai safari ya siku kadhaa.

Urefu wa mgongo ndio wa kuzingatia, si urefu wa mtu. Inamisha kichwa, kisha umwombe mwenzako akupime kwa tepu ya fundi wa nguo, kuanzia mfupa unaojitokeza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana. Wanawake wengi wana mgongo mfupi na mabega membamba zaidi, na hufaidika na shanta ambalo mikanda yake inaweza kusogezwa.

Jaribu likiwa na mzigo

Shanta tupu humpendeza kila mtu. Kabla ya kulipa, tia mzigo ndani. Paketi sita za unga za kilo mbili ni kilo 12, kiasi kinachomfaa mtu mwenye uzani wa kilo 60, kwa kuwa inashauriwa mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzani wa mbebaji. Legeza mikanda yote, funga wa kiunoni kwanza juu ya mifupa ya nyonga, kaza ya mabegani, kisha malizia na wa kifuani. Tembea dakika 15, panda na kushuka ngazi. Mabega yakianza kuuma mapema hivyo, shanta hilo halikufai.

Mpagazi hubeba zaidi ya kiasi hicho, kwa hivyo asikubali shanta lisilo na mkanda wa kiunoni. Mzigo wake pia upimwe kwa mizani kabla ya safari, usikadiriwe kwa kuinuliwa kwa mkono.

Kuhusu ukubwa, lita 20 hadi 30 zinatosha safari ya siku moja. Anayelala mlimani siku mbili au tatu atahitaji lita 40 hadi 60. Shanta kubwa kupita kiasi hushawishi mtu kuongeza vitu asivyohitaji.

Kukagua uimara

Shanta la mitumba laweza kuwa bora kuliko jipya la bei rahisi, mradi likaguliwe. Vuta kwa nguvu mahali mikanda inaposhonewa, kwani hapo ndipo mashanta mengi hukatikia. Fungua na kufunga zipu zote mara kadhaa. Bana sponji ya mkanda wa kiunoni. Ikibaki imebonyea, imekwisha. Geuza kitambaa ndani nje: utando wa kuzuia maji ukibanduka kama ngozi iliyoungua jua, maji yatapenya. Mshono uliofumuka au bizimu iliyovunjika si sababu ya kulikataa, kwa sababu fundi wa viatu anaweza kuitengeneza kwa gharama ndogo.

Mvua na baridi

Kilele cha Lenana kina urefu wa mita 4,985, na usiku baridi ya huko juu hushuka chini ya nyuzi sifuri. Mvua inaweza kunyesha mwezi wowote. Blanketi la kulalia au sweta likilowa, mwili hupoteza joto haraka, na hali hiyo inaweza kuua.

Zamani wengi walifunga nguo kwa karatasi za plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Badala yake, tumia kifuniko cha mvua cha shanta, pamoja na mfuko wa kudumu usiopenyeza maji, unaokunjwa mdomo mara tatu kabla ya kufungwa.

Kupanga vitu

Vitu vya kulalia viwekwe chini kabisa. Vizito, kama chakula na jiko, vikae katikati, karibu na mgongo. Koti la mvua liwe juu, na maji mahali mkono unapofika. Mpagazi anapofunga begi la mteja juu ya lake, alibane lisicheze, kwa sababu mzigo unaoyumba humwangusha mtu kwenye mteremko.

Baada ya safari, pangusa tope, acha zipu wazi na kausha shanta kivulini, mbali na moto. Likitunzwa hivyo litatumika miaka mingi, na mgongo wa mwenyewe utadumu nalo.