Kaimu Asiye na Barua

Yeyote aliyepata kulala Mukuru kwa Njenga ajua kwamba mtaa ule huamka kabla ya jua. Swala ya alfajiri haijamalizika vyema, vichochoro vimekwisha kujaa watu waelekeao Eneo la Viwanda, wengi wao kwa miguu, kila mmoja na kifuko chake cha chakula. Wafikapo kwenye malango husimama. Hutoka nyapara akawatazama, akanyosha kidole: wewe, na wewe, na yule mwenye buibui. Waliosalia hungoja kidogo, huenda akahitajiwa mmoja zaidi, kisha hugeuka wakarudi majumbani.

Tuliwafuata asubuhi moja tukiwa na dada mmoja mzaliwa wa Kisauni, ambaye amekaa Nairobi kwa miaka tisa. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa bado aitafuta riziki katika malango yale yale. Tulimwendea kwa sababu ya suali ambalo wazazi kadhaa wa huku Pwani wametuletea kwa nyakati mbalimbali: binti yetu ametupigia simu kutwambia kuwa amefanywa kaimu msimamizi, je, hiyo ni kazi ya namna gani, na itadumu?

Yeye alikuwa kaimu kwa miezi saba. Aliingia kiwandani kama mfungashaji wa bidhaa, akilipwa kwa siku. Msimamizi wa zamu yao alipokwenda likizo ya uzazi, mkubwa mmoja alimwita kando akamwambia, "Mama, wewe utashika zamu mpaka mwenzako arudi." Akashika. Wanawake thelathini wakawa chini yake. Ndiye aliyeandika mahudhurio, aliyehesabu katoni zilizotoka na zilizobaki, aliyesuluhisha ugomvi wa nani amechukua aproni ya nani, na aliyebaki nyuma jioni hesabu ilipokataa kulingana. Malipo yake yaliendelea kuwa ya siku, yakiongezwa kidogo mwisho wa juma, pasi na maandishi yoyote. Mwenyewe aliporudi alipelekwa idara nyingine, na dada yetu akaachwa pale pale. Mwezi wa saba akaletwa kijana mwenye stashahada. Dada yetu akamfundisha kazi kwa juma zima, na Jumatatu iliyofuata akajikuta langoni pamoja na wale aliokuwa akiwaita majina kila asubuhi.

"Hilo halikuniuma sana," alitwambia. "Kazi ya muda ni ya muda. Lililoniuma ni pale nilipokwenda kuomba usimamizi kiwanda kingine. Nikaulizwa: nani asema ulikuwa msimamizi? Sikuwa na jibu ila mdomo wangu."

Wasomaji wetu wa Pwani hawahitaji kufunzwa neno kibarua, lakini huenda wengine hawajapata kulitafakari. Ni barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, mtu wa kukodiwa kwa siku alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kazi yake ili apate ujira, na wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana zao. Jina la karatasi likahamia kwa mtu. Leo kibarua wa Nairobi amebakiwa na jina, na karatasi yenyewe hana. Wazee wa Mombasa waliofanya kazi bandarini wangeweza kutusimulia mengi kuhusu maisha ya kuitwa kwa siku. Ndiyo yaliyokuwa miongoni mwa mambo nyuma ya mgomo mkuu wa Januari 1947, na ilichukua miaka mingi baada ya hapo kabla ya wachukuzi wa bandari kuwa na ajira ya kutegemewa.

Sasa tuseme sheria inavyosema, kwa kuwa si watu wengi langoni walioisoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtambua kibarua kuwa ni yule alipwaye mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 chaongeza kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitazamiwi kumalizika kabla ya siku zinazofikia miezi mitatu, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi, na hawezi tena kuondolewa kwa kuonyeshwa kidole. Kifungu cha 9 chataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Kifungu cha 10 chasema kwamba masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi na amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Tena mwajiri asiyeweza kutoa mkataba wa maandishi mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye.

Basi dada yetu, kwa miezi saba ile, hakuwa mtu asiye na haki. Alikuwa mtu asiye na mtu wa kumwambia.

Ni lazima tuweke tahadhari moja. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya wafanyakazi wa chumvi wa huku kwetu Pwani, ilieleza kwamba mikataba ya kazi ni ya aina nne: ya muda usiotajwa, ya muda uliotajwa, ya kulipwa kwa kipande cha kazi, na ya kibarua wa siku. Kifungu cha 37 chazungumza juu ya huyo wa mwisho. Kwa hivyo mama alipwaye kwa idadi ya magunia au nguo alizoshona asidhani kwamba miezi yake itajigeuza yenyewe. Kwanza na ajue yumo katika aina gani.

Na posho ya ukaimu? Katika utumishi wa umma jambo hili limepangwa: Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 yasema mtu huteuliwa kukaimu kwa muda usiopungua siku 30 wala kuzidi miezi sita. Kiwandani mambo hutegemea mapatano, au makubaliano ya chama cha wafanyakazi pale chama kilipo. Ndiyo sababu twaona kwamba saa ya kuzungumza ni ile ya kwanza kabisa, pale mkubwa anapomwita mtu kando. Mwezi wa tatu, hali imekwisha kuzoeleka na hakuna tena anayeona haja ya kuandika. Barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu: cheo, tarehe ya kuanza, tarehe au tukio la kumaliza, malipo, na mahali mtu atakaporudi ukaimu ukiisha. Hilo la mwisho husahauliwa na wengi, nalo ndilo lililomrudisha dada yetu langoni.

Iwapo mwajiri aona haya kuandika, au mfanyakazi aona haya kuomba, tukumbushane kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu yahusu kuandikiana deni. Kutaka maandishi si kumshuku mtu.

Hizi kazi za usimamizi wa muda hupatikana wapi, basi? Twasema kwa uzoefu wa tuliozungumza nao kwamba nyingi hazitangazwi. Hujazwa na aliye karibu. Kwa hivyo afaaye kufanya mtu ni kujua nafasi hufunguka lini. Likizo ya uzazi kisheria ni miezi mitatu, na mimba haifichiki. Mwenye macho ajua mapema ni idara gani itahitaji mshikizi. Viwandani kuna majira ya kazi nyingi. Shule ndogo za mtaani huhitaji mwalimu wa kushika ofisi mkuu anapougua, na miradi ya mashirika huhitaji mratibu wa kuimalizia pale mwenyewe anapopata kazi kwingine.

Akina mama wetu wengi hujidharau hapa. Tulimwuliza mmoja, mjane wa watoto watatu, kama amewahi kusimamia chochote. Akasema hapana. Kumbe kwa miaka minne ameshika daftari la chama cha wanawake ishirini na wawili, na kila Ramadhani ndiye apangaye futari ya madrasa, kuanzia michango hadi sufuria. Hiyo ni kazi ya meneja, ila haijaitwa hivyo. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipomwomba mfalme wa Misri amkabidhi maghala hakunyamaza kuhusu uaminifu wake na elimu yake. Mama aandike basi: watu wangapi, fedha kiasi gani, muda gani, na mwenye kumshuhudia ni nani.

Kuna mlango mwingine ulio wazi kuliko yote, nao watangazwa hadharani. Katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2022 kulikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura, na kila kituo kina msimamizi wake na naibu wake, mbali na makarani. Ni nchi nzima ya mameneja wa muda, wanaofunzwa kwa siku chache kisha wakakabidhiwa watu na masanduku, na fomu zisizovumilia kosa. Sensa ya Agosti 2019, iliyohesabu watu 47,564,296, nayo iliajiri wasimamizi wake. Uchaguzi ujao, kwa mujibu wa Katiba, waangukia tarehe 10 Agosti 2027. Kwa mkazi wa Kwa Njenga, eneo bunge lake ni Embakasi Kusini. Asingoje jirani amletee habari. Avizie matangazo ya Tume ya Uchaguzi mapema, vyeti vyake vikiwa vimekwisha kupangwa. Mawakala wa ajira nao wapo, na kabla ya kumwamini mmoja ni haki ya mtu kuuliza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Kazi ikiisha, kuna cheti. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira chamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi, isipokuwa kazi ilidumu chini ya majuma manne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina la mwajiri na la mfanyakazi, tarehe za kuanza na kumaliza, na aina ya kazi. Mwajiri halazimiki kumsifu mtu. Hilo la sifa ni hiari yake. Lakini aina ya kazi lazima iandikwe, na ikiwa kulikuwa na barua ya ukaimu, itaandikwa ilivyokuwa.

Tulidhani habari yetu imekwisha hapo, hata dada wa Kisauni akatwambia jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Mwaka jana alishika tena zamu, kiwanda kingine, kumshikia mwenzake aliyejifungua. Safari hii aliomba barua siku ya kwanza. Mkubwa wake alicheka, kisha akaiandika. Aya mbili tu, na muhuri. Lakini katika Kwa Njenga karatasi haina maisha marefu. Oktoba na Novemba 2021 maelfu ya nyumba yalibomolewa kupisha barabara, na watu walipoteza vyeti vya shule na vya kuzaliwa chini ya mabati. Mafuriko ya mwaka 2024 yakachukua vya wengine. Basi aliipiga picha barua ile na kuiweka katika simu yake, na ile yenyewe akampa dereva wa basi la usiku aipeleke Mombasa. Mama yake, ambaye husoma herufi za Kiarabu na si hizi za Kizungu, ameitia katika sanduku la msahafu. Kila binti apigapo simu, huulizwa kwanza habari za watoto, kisha huambiwa kwamba barua yake ipo.