Asumini Ndani ya Povu

Katika mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, watengeneza manukato wa zamani walikuwa na kazi ya kuchosha ambayo moto haukuweza kuwapunguzia. Walipaka shahamu ya nguruwe na ng'ombe kwenye vioo vilivyotiwa fremu za mbao, wakapanga juu yake maua ya asumini yaliyochumwa alfajiri, ua moja moja. Kesho yake waliyaokota yote wakapanga mapya, na hivyo hivyo kwa wiki kadhaa hadi shahamu iliposhiba harufu. Waridi huvumilia kukenekwa: ukilichemsha na kuupoza mvuke wake unapata maji ya waridi, kama wafanyavyo wakulima wa Jabal Akhdar huko Oman kila msimu wa maua. Asumini haivumilii. Joto huivuruga harufu yake, na kinachotoka mwisho wa mrija hakifanani na ua lililoingia chunguni.

Baadaye viyeyushi vya viwandani vilichukua nafasi ya vile vioo. Kanuni yenyewe bado ipo, na friji ya nyumbani inaimudu kwa usiku mmoja, krimu ikishika nafasi ya shahamu. Ndiyo njia ninayoipendekeza kwa anayetaka kuandaa musi ya maua na tunda chachu, kile kitindamlo chepesi chenye povu ambacho hotelini huletwa kwenye glasi ndogo kwa bei kubwa. Ya kwetu itakuwa ya asumini na chenza.

Asumini ina tabia isiyo ya kawaida. Maua mengi yakishachumwa hutoa harufu iliyokwisha kutengenezwa, basi. Asumini huendelea kuitengeneza kwa saa nyingi baada ya kutengwa na mti. Wachina wa Fuzhou huitumia tabia hiyo kutia harufu chai: matumba huchumwa mchana yakiwa bado yamefumba, usiku yakafumbuka katikati ya majani makavu ya chai, kisha maua yakachekechwa. Watungaji wa vikuba wa Mombasa, Lamu na Unguja wanalijua jambo hilo bila darasa la kemia. Asumini huchumwa alasiri ikiwa imefumba, hutungwa, na ifikapo saa mbili usiku inafumbuka kwenye nywele za mvaaji, harusi ikiwa imepamba moto.

Molekuli nyingi zinazobeba harufu hiyo hazipatani sana na maji, lakini kwenye mafuta huingia bila kusukumwa. Krimu nzito ya kuchapwa ina mafuta kama asilimia 35, yaliyogawanyika katika vitone visivyoonekana kwa jicho, kwa hiyo ina eneo kubwa sana la kupokelea harufu. Lakini yenyewe haichagui. Ukiiacha wazi karibu na kipande cha ng'onda au nusu kitunguu, asubuhi utakuwa na krimu ya ng'onda. Bakuli lifunikwe barabara.

Kwa nini chenza, si limau tu kama wengi wafanyavyo? Asumini ina kemikali iitwayo methili anthranilati, yenye harufu ya utamu mzito unaokumbusha zabibu. Ganda la chenza lina ndugu yake wa karibu, tofauti yao ni kikundi kimoja kidogo cha atomi. Ndugu huyo ndiye anayelifanya chenza linukie chenza na si chungwa dogo. Pua ikikutana na hivi viwili pamoja haisikii ua upande huu na tunda upande ule. Inapata shida kusema kimoja kinaishia wapi. Limau nalo ni zuri, ila harufu yake ni kali, na hulifunika ua likabaki kuwa fununu tu.

Harufu ya chenza haiko kwenye maji yake, au iko kidogo mno. Imefungwa kwenye vifuko vya mafuta ndani ya ganda la nje, vile vidoadoa unavyoviona ukilisogeza karibu na jicho. Ukitaka kuviona vikifanya kazi, kata kipande cha ganda, washa mshumaa, likunje ganda kwa ghafla upande wa nje ukielekea kwenye mwali. Utaona cheche zikiruka: ni mafuta yaliyorushwa na vifuko vilivyopasuka yakiungua hewani. Unapokwaruza ganda, basi, unachofuata ni lile tabaka jembamba lenye rangi. Nyama nyeupe ya chini yake ina uchungu na haina harufu ya maana. Na ukwaruze juu ya sukari moja kwa moja, kisha uisugue kwa vidole. Punje za sukari huvipasua vifuko vilivyobaki na kuyanywa mafuta kabla hayajapotelea hewani.

Sasa povu. Watu wengi hudhani krimu huumuka kwa nguvu ya mkono, kumbe huumuka kwa baridi. Kila kitone cha mafuta kimevikwa utando mwembamba wa protini. Mchapo, yaani waya wa kuchapia, ukipita huingiza hewa na kuuchana utando huo, na vitone vilivyochanika hushikana, vikajipanga kuzunguka kila kiputo hadi vikawa ukuta. Ili ukuta usimame, sehemu ya mafuta lazima iwe imeganda kwa fuwele ndogo. Kwenye nyuzi 5 za Selsiasi hali hiyo ipo. Kwenye nyuzi 30, joto la kawaida la jiko la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, mafuta ya maziwa karibu yote ni kimiminiko, na unaweza kuchapa mpaka adhuhuri usipate kitu. Bakuli na mchapo vikae kwenye friza nusu saa, bakuli liwekwe juu ya barafu, na kazi ifanyike asubuhi. Uache kuchapa krimu ikiwa bado laini, inapoacha alama ya mchapo na ncha yake ikiinama. Ukizidisha, vitone huungana vyote, maji yanajitenga na unabaki na siagi ya asumini, ambayo kusema kweli si mbaya kwenye mkate.

Wapo watakaouliza habari ya tui bubu. Linafaa, likilazwa kwenye friji na kuchotwa lile tabaka zito la juu. Ila mafuta ya nazi huyeyuka karibu na nyuzi 24, kwa hiyo povu lake litaanguka mezani mapema kuliko la krimu ya ng'ombe, na nazi ni mgeni anayezungumza kwa sauti kubwa. Ningelitumia kwa limau, si kwa asumini.

Ute wa yai ni povu la aina nyingine kabisa. Hauna mafuta, ni maji asilimia 90 na protini asilimia 10 hivi. Protini hizo zikipigwa hukunjuka na kushikana mikono kuzunguka hewa. Zikishikana kupita kiasi povu hukauka, likakatika vipande na kutoa maji. Hapa ndimu inasaidia kwa namna ambayo haihusiani na ladha: asidi yake huzuia vile viungo vya salfa vinavyozikaza protini kupindukia. Mwaka 1984 Harold McGee na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature kwamba bakuli la shaba, walilolipenda wapishi wa Ufaransa, nalo hulilinda povu la ute. Hatuna haja ya shaba. Nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu kwa ute wa yai moja inatosha.

Kinachobaki ni kulifunga povu lisishuke, na hapa ndipo uchaguzi unapoamua ladha. Jelatini huganda kwenye baridi na kuyeyuka karibu na nyuzi 30, maana yake huyeyuka ulimini. Ikiyeyuka, viputo hupasuka, mafuta hupata joto, na harufu hupanda kwa nyuma ya kaakaa hadi puani. Agari, inayotokana na mwani na ambayo wapishi wa pwani wanaifahamu kwa faluda, huhitaji nyuzi 85 hivi ndipo iyeyuke. Kinywani hukatika tu kwa meno, na harufu hubaki imefungwa ndani. Kwa faluda huo ndio uzuri wake, kwa musi ni hasara. Mwislamu atafute jelatini ya ng'ombe iliyothibitishwa halali, au ya samaki, ambayo ni laini zaidi kwa sababu huyeyuka mapema.

Na ukigeuza pakiti ya krimu ya dukani usome maandishi madogo, mara nyingi utakuta E407. Hiyo ni karajinani, inayozuia mafuta yasijitenge na maziwa pakiti ikikaa rafuni. Hutolewa kwenye mwani wa jamii ya ule unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu mwaka 1989, ulipoanzia Paje na Jambiani, kazi ambayo wengi wa wanaoifanya ni wanawake. Mwani huuzwa nje ukiwa mkavu, kwa bei ndogo, na kiungo chake hurudi ndani ya pakiti za krimu zinazouzwa kwa bei nyingine kabisa.

Jioni, basi, chukua viganja viwili vya asumini iliyokwisha kufumbuka. Usitie matumba, kwa kuwa baridi ya friji haitayaacha yafumbuke. Iwe ya mti unaoujua na usiopigwa dawa. Bustani nyingi zina kichaka chenye maua meupe kinachoitwa asumini na kumbe sicho. Ukikivunja tawi kikatoa utomvu mweupe, achana nacho, na hata kisipotoa, usitie kwenye chakula ua usilolijua. Ondoa vikonyo vya kijani, suuza upesi, kausha kwa kitambaa, zamisha kwenye mililita 300 za krimu, funika, tia friji. Alfajiri chuja bila kukamua. Usiyaache maua mchana kutwa: asumini ina indoli, kemikali inayopatikana pia kwenye kinyesi. Ikiwa chembe tu, huipa harufu kina. Ua likianza kugeuka kahawia, ndiyo inayojitokeza mbele.

Kwaruza ganda la machenza mawili juu ya gramu 40 za sukari. Loweka gramu 7 za jelatini kwenye vijiko viwili vya chakula vya maji baridi. Pasha moto sehemu ndogo tu ya mililita 150 za maji ya chenza pamoja na ile sukari, yeyushia jelatini humo, kisha changanya na maji yaliyobaki na ndimu moja, kwa kuwa chenza peke yake halina uchachu wa kutosha. Pembeni, pasha ute wa mayai mawili na gramu 50 za sukari na kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu juu ya sufuria ya maji yanayofuka, ukikoroga hadi ufike nyuzi 71. Kiwango hicho huua salmonela, na kwa mayai yetu yanayokaa juani sokoni sioni sababu ya kubahatisha. Uutoe motoni uuchape hadi ung'ae na kupoa.

Maji ya chenza yakianza kuwa mazito kama uji mwepesi ndipo uchanganye, kwanza na ute, halafu na krimu uliyoichapa, kwa mwiko mpana unaopita chini na kupanda, bila kukoroga. Woga wa krimu kukatika kwa sababu ya uchachu ni mkubwa kuliko hatari yenyewe. Kinachokatika ni kaseini, na krimu nzito ina kaseini kidogo kuliko maziwa. Asidi huifanya inenepe tu. Anayetaka kubadili tunda ajihadhari na papai na nanasi yasiyopikwa, kwani vimeng'enya vyake huimeng'enya jelatini na musi haigandi kamwe. Machungwa na jamaa zake hayana tatizo hilo.

Ukionja mchanganyiko kabla ya friji utauona mtamu kupita kiasi. Usipunguze sukari. Mwaka 2005 watafiti walionyesha, pia kwenye Nature, kwamba mlango mmoja kwenye seli za ulimi unaopitisha ishara ya utamu hufanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye joto, na hulegea kwenye baridi. Kilichokuwa kitamu mno jikoni kitakuwa na kiasi kikitoka kwenye friji.

Usijaribiwe kuongeza matone ya manukato ya chupa ili ua lisikike zaidi. Linaloli na geranioli, kemikali zinazofanya maua yanukie maua, ndizo zinazotiwa kwenye sabuni na mafuta ya nywele, na pua ikizidiwa huhamia bafuni. Kwa watu wa pwani kuna zaidi ya sabuni. Maji ya waridi tumenyunyiziwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi, na tumeyanusa pia pale maiti anapoandaliwa kwa safari yake. Mgeni akipata kijiko kilichozidi hatawaza kitindamlo. Ukikosa asumini ukatumia maji ya waridi, nusu kijiko cha chai kwa kiasi hiki kinatosha.

Igande kwa saa nne kwenye friji, kwenye vikombe vidogo sita au vinane. Itoe dakika kumi kabla ya kuila. Ikiwa baridi mno harufu hailegei, na ukiiacha nusu saa mezani siku ya joto, jelatini itakuwa imeanza safari yake bila wewe. Uchachu utafika kwanza kwa sababu uko kwenye maji, chenza litafuata, na asumini itakuja baada ya kumeza, unapotoa pumzi kwa pua. Uile siku hiyohiyo. Kesho yake povu litakuwa bado limesimama, lakini ua litakuwa limefifia.