Jihadhari, nati 'inayoingia' inaweza kukuunguzia gari

HARUFU ya petroli ndani ya gari si ya kuzoea. Wenye magari wengi hushusha kioo na kuendelea na safari. Lakini mafundi niliozungumza nao Gikondo, jijini Kigali, wanasema harufu hiyo mara nyingi husababishwa na kitu kidogo kuliko kidole: kiungio cha bomba la mafuta kilichofungwa kwa kukisia.

Gikondo, katika Wilaya ya Kicukiro, ilikuwa eneo la viwanda la Kigali kwa miaka mingi, kabla viwanda havijaanza kuhamishiwa eneo maalumu la uchumi ili bonde lirudishiwe hali yake ya ardhioevu. Huko ndiko kulikokuwa na maghala ya MAGERWA, ambako malori kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo yalikuwa yakishusha mizigo.

Rwanda ina jambo moja linaloongeza kazi ya fundi. Magari hupita kulia, hivyo wanunuzi hutafuta yenye usukani wa kushoto. Yako ya Ulaya, yako ya nchi za Ghuba, na mengine ya Marekani. La Ulaya au Japani hupimwa kwa milimita, la Marekani, hasa la zamani, huweza kuwa na vipimo vya inchi. Yote huishia gereji moja, mbele ya sanduku moja la spea.

Fundi mmoja alinionyesha vipande viwili vya mpira wa mafuta. "Mzee, vitazame. Kuna tofauti?" Sikuiona. Kimoja kilikuwa cha milimita 10, kingine cha inchi 3/8, yaani milimita 9.5.

Ukivisha mpira wa milimita 10 kwenye bomba la inchi 3/8, inabaki nafasi ya nusu milimita. Klipu ikikazwa sana, mpira hujikunja na kuficha nafasi hiyo. Gari likipata joto na mtikisiko, petroli huanza kutoka, tena karibu na injini ya moto.

Kinachowadanganya wengi ni kwamba inchi 5/16 ni karibu sawa na milimita 8. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Aliyefanikiwa hapo hudhani vipimo vyote vinabadilishana. Havibadilishani.

Nati nazo zina mtego wake. Zipo za kipenyo cha milimita 12 ambazo meno yake yamepishana milimita 1.25, na nyingine milimita 1.5. Ukichanganya, nati huingia mizunguko ya mwanzo, kisha inakaza. Fundi mwenye haraka huchukua spana ndefu na kulazimisha. Meno yanakatika, na sasa unatafuta chujio au pampu nzima.

Dawa ni kupima vitu vitatu: kipenyo, kwa kipimo chenye taya mbili, upana wa meno, kwa kipimo cha meno, na umbo la mdomo wa kiungio. Kama kipimo cha meno hakipo, laza nati au bolti ya zamani yenye meno ya nje kwenye meno ya mpya, uelekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, usinunue. Kuhusu mdomo, upo wa nyuzi 45 na upo wa nyuzi 37. Hizo haziozani.

Wapo wanaozungushia utepe mweupe wa mafundi bomba. Kwenye mdomo wa namna hiyo, kinachozuia mafuta ni chuma kugusana na chuma, si meno. Utepe hauzibi, vipande vyake vinaweza kwenda kuziba nozeli. Palipo na washa za shaba, weka mpya kila unapofungua.

Ukubwa sahihi pekee hautoshi. Gari la kabureta husukuma mafuta kwa shinikizo lisilofika baa moja, wakati la petroli lenye nozeli hutumia takriban baa tatu hadi nne. Tafuta mpira ulioandikwa SAE J30R9 kwa gari la nozeli. J30R7 ni wa shinikizo dogo.

Wenye dizeli wasijidanganye kwa kuwa hawaoni tone chini. Kati ya tangi na pampu mafuta hufyonzwa, kwa hiyo kiungio kilicholegea huingiza hewa, na asubuhi gari linakataa kuwaka. Wengi hubadilisha betri na pampu, kumbe kosa ni klipu.

Msomaji, ukienda dukani usiseme tu "nipe ya Toyota". Chukua kiungio cha zamani, kifute, nenda nacho. Kazi ikiisha, washa injini ukiwa bado gereji, pitisha kitambaa kikavu kila kiungio, ndipo ulipe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa petroli huenda usibaki na ukuta wa kujenga.