Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mama anaposhikwa na uchungu siku mbili au tatu bila kujifungua, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini za njia ya uzazi hata damu isipite. Nyama hizo hufa, pakatokea tundu linalofika kwenye kibofu au njia ya haja kubwa. Mara nyingi mtoto hupotea, naye mama hubaki akivuja mkojo usiku na mchana. Hiyo ndiyo fistula. Wako waliofukuzwa na waume zao na kukimbiwa na majirani, ilhali hilo ni jeraha linalotibika.

Nchini Burundi, umaskini uliwafanya wengi waiogope hospitali. Wako waliozuiliwa wodini kwa kushindwa kulipa. Tarehe 1 Mei, 2006, Serikali ilitangaza kuwa kujifungua hospitalini na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 ni bure. Watu walifurika, dawa zikapungua, na fedha za kuzirudishia hospitali gharama zake zikachelewa. Ndipo mwaka 2010 mpango huo ulipounganishwa na utaratibu ambao Serikali na wafadhili huilipa zahanati kwa kadiri ya kazi iliyofanyika na kukaguliwa.

Julai mwaka huo huo, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua mjini Gitega kituo cha Urumuri, yaani Nuru, kuwapasua bure wenye fistula. Shirika hilo liliwafundisha pia madaktari wa Burundi, kwa kuwa mgeni hata akikaa sana, iko siku atarudi kwao.

Hata hivyo, amri ya Serikali na fedha za mfadhili haziwezi kumbeba mama kutoka kilimani. Kuanzia mtaa wa Yoba hadi vijiji vya Muyinga, kazi hiyo ni ya jamaa. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema. Askari anayekwenda lindoni aache nauli nyumbani, na jirani mmoja ajue la kufanya. Uchungu ukianza, safari ianze. Asingojewe mume wala mama mkwe atoe idhini.

Na aliyekwisha kuumia asifichwe chumba cha nyuma. Apelekwe kwa daktari, na mumewe afuatane naye. Aibu si ya mgonjwa. Ni ya aliyemwacha.