Roboti ya bei: amri moja mbovu yaweza kula faida ya msimu

Mfanyabiashara wa Nyashimo amekaa katikati ya masoko mengi. Mji huo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, uko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Upande mmoja kuna Ziwa Victoria na dagaa wake, upande mwingine kuna pamba, mpunga, choroko na dengu. Simu ya mfanyabiashara huyo hulia kutwa kwa swali moja: bei leo ikoje? Si ajabu basi kwamba wazo la kuiachia mashine ijibu swali hilo linavutia.

Mashine hiyo ni roboti ya mazungumzo, yaani programu inayopokea ujumbe wa mteja na kumjibu bila mtu kushika simu. Wiki hii tunaeleza jinsi amri zake zinavyotungwa, zinavyoharibika na zinavyotengenezwa, ili anayetaka kuweka fedha yake huko ajue ananunua nini.

Amri si jambo geni kwetu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mamilioni ya watu wamezoea kubonyeza nyota, tarakimu na alama ya reli, kisha kuchagua namba. Tofauti ni kwamba menyu ya simu humfunga mteja achague kilichopo, wakati roboti humpa uhuru wa kuandika. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Kwa anayeanza, njia rahisi ni Telegram, iliyofungua mlango kwa roboti mwaka 2015. Usajili hufanywa kwa kuzungumza na roboti mama iitwayo BotFather, ambayo hutoa tokeni, yaani ufunguo wa siri. Atakayeupata ufunguo huo anaweza kuwajibu wateja kwa jina lako. Ukivuja, uufute mara moja kwa BotFather na uchukue mwingine.

Amri huanza kwa mkwaju, mathalani /bei, /oda au /salio. Haizidi herufi 32, haina nafasi ndani yake, na kwenye orodha ya amri huandikwa kwa herufi ndogo tupu. Ushauri wetu ni kuanza na amri tatu tu. Amri kumi zisizojaribiwa ni hasara kuliko tatu zinazofanya kazi.

Baada ya amri huja maelezo yake. Mteja akiandika "/bei dagaa", roboti hutenganisha amri na bidhaa, hutafuta bidhaa kwenye jedwali la bei, kisha hujibu. Lakini mteja wetu haandiki hivyo. Huandika: "Shikamoo, naomba bei ya dagaa leo." Roboti iliyofundishwa kutazama neno la kwanza itakutana na "shikamoo" na kusema haielewi. Mteja ataona amedharauliwa na atakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo programu iitikie salamu, kisha itafute jina la bidhaa popote lilipo ndani ya ujumbe.

Aidha, kuna suala la tarakimu. Mmoja ataandika 2,500, wa pili 2500, wa tatu "elfu mbili na mia tano". Programu isiyojua mkato wa maelfu inaweza kusoma 2,500 kama 2 na kuandikisha oda ya kilo mbili. Vipimo navyo ni hivyo hivyo. Gunia linaweza kuwa la lumbesa, ambalo sheria ya vipimo hairuhusu. Bei itolewe kwa kilo, na kila oda irudiwe kwa mteja aithibitishe kwa "ndiyo" kabla haijaandikwa.

Hatari kubwa zaidi ni bei iliyochakaa. Msimu wa pamba wa 2022 ulifunguliwa kwa bei ya Sh. 1,560 kwa kilo. Ule wa 2023 ulifunguliwa kwa Sh. 1,060. Tuchukue mfano wa roboti ambayo jedwali lake halikubadilishwa kati ya misimu hiyo. Mtu mwenye kilo 2,000 angehesabu Sh. 500 za ziada kwa kila kilo, jumla Sh. 1,000,000 ambazo hazipo. Akikopa kwa hesabu hiyo, deni litakuwa la kweli hata kama bei haikuwa ya kweli. Kila jibu la /bei lionyeshe tarehe, na bei ikipita umri uliowekwa, roboti ikiri kwamba haina bei ya leo.

Roboti ikinyamaza, fundi asikimbilie kuandika upya programu nzima. Kuna maswali manne ya kuuliza kwa mpangilio. Je, ujumbe umefika? Je, amri imetambuliwa? Je, bei imepatikana kwenye jedwali? Je, jibu limetoka? Programu inayoandika kila hatua kwenye daftari lake itaonyesha ilipokwama.

Makosa mengine hujirudia. Ndani ya kikundi cha Telegram, roboti kwa kawaida haioni mazungumzo yote. Huona amri na majibu yanayoielekea. Anayeandika "bei" bila mkwaju hatajibiwa, na hilo si kosa la fundi. Vilevile roboti haiwezi kumwanza mteja ambaye hajaifungua mwenyewe.

Umeme ukikatika na seva kuzimika, Telegram huhifadhi ujumbe kwa muda usiozidi saa 24. Seva ikirudi, oda za jana huingia kama za leo. Programu itazame muda uliomo ndani ya ujumbe, na oda ya zamani imrudie mteja aulizwe upya.

Hata muda wenyewe una mtego. Hutolewa kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Oda ya dagaa iliyotumwa saa 8 usiku itaandikwa tarehe ya jana, na hesabu za siku hazitalingana na fedha iliyomo sandukuni. Ongeza saa 3 kabla ya kuandika tarehe.

Kwa mwekezaji mdogo, kuna mambo mawili ya kupima. Kwanza, Telegram inahitaji simu yenye intaneti. Mteja mwenye kitochi bado atahitaji ujumbe mfupi au menyu ya nyota na reli, ambazo zina gharama zake. Pili, majina na namba za wateja ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayezikusanya ajisajili kwa Tume husika na azilinde.

Kabla ya kumlipa fundi, mkabidhi simu mpwa wako na muuza duka jirani. Waandike wapendavyo, kwa salamu na makosa yao, kwa siku saba. Roboti ikihimili wiki hiyo, iingize sokoni. Ikishindwa, daftari na kalamu vitakutunzia mtaji wako kwa sasa.