Delko ya Coccinelle: digri kidogo inaweza kula mushahara wa miezi

Leo tunaacha kidogo mambo ya kontra, tuongee juu ya motokari. Musishangae: mwisho wake ni mushahara tu. Jamaa yenye kuchunga Volkswagen Coccinelle ya zamani, moteri ikiwafia, ni bukari ya miezi inakwenda. Na mara mingi moteri haifi kwa uzee. Inakufa sababu alimaji haikuregliwa muzuri.

Sisi wote tunasema "delko", lakini jina lile linatoka mbali. Ni herufi za mwanzo za kampuni ya Marekani, Dayton Engineering Laboratories Company, ya bwana Charles Kettering. Alimaji yake, pamoja na demareri ya umeme, iliingia katika Cadillac ya mwaka 1912. Wafaransa wakaita chombo kwa jina la kampuni, nasi tukalipata kwao.

Wale wa minaji wataelewa upesi. Kwenye kariere hatulipushi matundu yote kwa mara moja. Kila tundu iko na amorse yenye kuchelewa kwake. Moja ikiruka zamu, mawe inatupwa mubaya na watu wako katika hatari. Delko ni vile vile. Moteri ya silenda ine ikizunguka mara 3 000 kwa dakika, delko inagawa cheche 100 kila segonde, moja moja, kwa zamu. Kwa Coccinelle zamu ni 1-4-3-2. Tena cheche haingoji pistoni ifike juu kabisa, sababu esansi inahitaji wakati wa kuwaka. Inatangulia kidogo, na ule utangulizi tunaupima kwa digri.

Cheche ikitangulia kupita kiasi, mutasikia kwenye mulima sauti kama ya nyundo ndogo ndani ya moteri. Ile sauti si ya kuzoea: pistoni inapigwa ingali inapanda, na inaweza kutoboka. Cheche ikichelewa, motokari haina nguvu, inakunywa esansi mingi, na bomba ya moshi inawaka moto. Kwa Coccinelle za mbele ya 1971 silenda ya 3 ndiyo inateseka zaidi, sababu radiateri ya mafuta inazuia hewa yake.

Sasa kazi yenyewe. Moteri iwe baridi, freno ya mukono imefungwa, vitesi imetolewa, kontakti imezimwa.

Kwanza platine. Fungua kifuniko cha delko, toa rota. Zungusha puli ya moteri kwa ufunguo mupaka platine zifunguke mwisho kabisa. Nafasi kati yake iwe milimeta 0,4. Ipime kwa kipande cha chuma chembamba cha kupimia. Legeza skuru, rekebisha, kaza, kisha pima tena, sababu kukaza kunasogeza. Platine zikiwa nyeusi zimeungua, angalieni pia kondensateri. Musianze na digri mbele ya platine: nafasi ikibadilika, digri nazo zinabadilika.

Pili, rudisha rota, zungusha puli namna mishale ya saa inaenda, mupaka alama ya puli iwe sawa na mustari wa katikati ya moteri, pale nusu mbili zinaungana. Rota ielekee kikato kidogo kwenye ukingo wa delko: ile ni silenda ya 1. Ikielekea upande mwingine, uko kwenye silenda ya 3. Ongeza muzunguko muzima. Alama gani? Moteri mingi za zamani zinataka digri 7,5 mbele ya juu kabisa, lakini zingine zinataka 0, zingine 5 nyuma yake. Fuateni kitabu cha moteri yenu, hapana ya jirani.

Tatu, legeza nati ya 10 yenye kubana shingo ya delko. Chukua taa ndogo ya volti 12: waya moja kwenye bobini, pale paliandikwa 1, ingine kwenye chuma cha motokari. Washa kontakti. Zungusha delko upande wa mishale ya saa mupaka taa izime. Kisha irudishe pole pole. Pale taa inawaka tu, simama. Ndipo cheche inatoka. Kaza nati. Zungusha moteri mara mbili kamili: taa inapashwa kuwaka alama ikifika pale pale. Musiache kontakti muda murefu, bobini na platine zitapata moto.

Mbele ya kufunga, shika rota uisukume kidogo upande inakozungukia: ikiachwa, inapashwa kurudi yenyewe. Isiporudi, vizito vya ndani vimeshikana, na moteri haitapata utangulizi ikienda mbio. Kisha jaribu motokari kwenye mulima. Ukisikia ile nyundo, hata kama alama ni sawa, rudisha cheche nyuma kidogo: pengine esansi uliyouziwa haina nguvu.

Kazi hii inarudi karibu kila kilometa 10 000, sababu kipande cha platine chenye kugusa muti wa delko kinalika pole pole, nafasi inapunguka, cheche inachelewa.

Kwa mufundi wa kweli, hii ni kazi ya saa moja, na mufundi alipwe jasho lake. Sisi wa sendika hatuwezi kusema ingine. Lakini mwenye kukwambia "moteri yote imekufa" pasipo kufungua delko, mwombe aonyeshe taa na platine mbele ya macho yako. Ni ile ile tunayosema juu ya karatasi ya mushahara: mutu mwenye kujua kusoma hesabu hadanganywi rahisi. Taa ya volti 12 na kipimo cha platine si mali kubwa. Jamaa ine ama tano zinaweza kuvinunua kwa likelemba moja, na vijana wajifunze pale siku ya posho. Motokari moja ikiendelea kutembea, ni mugonjwa atafika hospitali usiku, ni mama atafikisha unga sokoni.